Si Kila Mwenye Kinywe Ana Grafini

Kuna hoja ambayo siku hizi inarudiwa mitandaoni, kwenye semina za uwekezaji na hata kwenye mabaraza ya wasomi, na mara nyingi hupita bila mtu kuinua mkono. Inasema kwamba dunia inaachana na silikoni na kuhamia kwenye kaboni. Grafini itaendesha kompyuta za kesho, almasi itabeba umeme mkubwa na kutambua magonjwa. Na kwa kuwa Tanzania ina kinywe, yaani grafiti, Mahenge na Ruangwa, ina almasi Mwadui, na jirani zetu wa Msumbiji wana kinywe cha Balama, basi zamu yetu imefika. Tulinde migodi, tusaini mikataba, teknolojia itakuja yenyewe kutafuta malighafi.

Ningependa hoja hii ingekuwa kweli. Lakini ukiifuatilia hatua kwa hatua mpaka ndani ya maabara ambako vifaa hivi hutengenezwa, inavunjika karibu kila mahali, na inatupotezea muda ambao tungeutumia kwa jambo jingine tunaloliweza.

Tuanze na grafini. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kaboni kwa selotepu, wakairudia na kuirudia mpaka wakapata tabaka lenye unene wa atomi moja tu. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kisa cha selotepu kinapendwa kwa sababu ni chepesi kukisimulia, na ndicho kilichowaaminisha wengi kwamba grafini ni kinywe kilichobanduliwa, kwa hiyo mwenye kinywe ana grafini. Ila watu hawaulizi walibandua nini. Katika ripoti yao ya kwanza walitumia kinywe cha kutengenezwa, kile kinachopatikana kwa kuivunja gesi yenye kaboni kwenye joto kali na kuzipanga fuwele zake kwa mgandamizo. Hakikuchimbwa popote. Ni kweli baadaye maabara nyingi zilitumia pia fuwele za asili, na fuwele nzuri ya asili ina heshima yake mpaka leo. Lakini mtafiti mwenye kipande cha kujaa kiganja ana cha kumtosha kwa miaka. Hiyo si biashara ya meli wala ya bandari.

Isitoshe, hakuna anayejenga kiwanda cha chipu kwa selotepu. Njia iliyofungua mlango wa kutengeneza grafini kwa maeneo makubwa ilitangazwa mwaka 2009 na kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Wanachukua karatasi nyembamba ya shaba, wanaiingiza kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, kisha wanapitisha methani na haidrojeni. Methani inavunjika juu ya shaba ya moto, kaboni inatulia juu ya uso wake. Shaba haikubali kuyeyusha kaboni ndani yake ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo uso ukishafunikwa na tabaka moja, kazi inajisimamisha. Njia nyingine, iliyoendelezwa hasa na Walt de Heer huko Georgia Tech, ni kupasha joto kali bamba la kabidi ya silikoni mpaka silikoni ya juu iruke na kuacha kaboni ijipange yenyewe. Katika njia hizi mbili, kinywe cha mgodini hakionekani.

Ugumu unaanza baada ya hapo, na inafaa kuutazama kwa karibu. Grafini iliyoota juu ya shaba haifai kitu ikiwa bado iko juu ya shaba, maana shaba inapitisha umeme wote. Sharti ihamishwe. Fundi anaipaka plastiki nyembamba juu yake ili isichanike, kisha anaiweka shaba juu ya kimiminika cha kemikali kinachoila mpaka iishe. Kinachobaki ni utando usioonekana vizuri kwa macho, unaelea juu ya maji. Anauosha kwa kuuhamisha kutoka bakuli hadi bakuli, halafu anaingiza bamba la silikoni chini yake kwa mwinamo na kuuinua polepole. Maji yakinaswa katikati, unakunjamana. Ukiharakisha, unapasuka. Plastiki inayeyushwa mwishoni, lakini haitoki yote, na mabaki yake yanazikwaza elektroni. Grafini iliyoning'inizwa hewani katika maabara iliwahi kupimwa, mwaka 2008, ikionyesha wepesi wa elektroni wa sentimita za mraba 200,000 kwa volti kwa sekunde. Silikoni ina 1,400 hivi. Namba hiyo ya 200,000 ndiyo inayozungushwa kwenye mikutano. Ukiilaza grafini ileile juu ya oksidi ya silikoni, baada ya misukosuko hiyo yote, unarudi kwenye 10,000 au chini yake. Ukweli ni kwamba thamani ya grafini ya elektroniki imo katika mikono, vyumba visivyo na vumbi na uzoefu wa kuuhamisha utando huo bila kuuharibu.

Kama malighafi ingekuwa ndiyo kigezo, tungekuwa tumeshinda zamani, na kwa kitu kingine kabisa. Gesi ya Songo Songo, ambayo bomba lake lilianza kuifikisha Ubungo mwaka 2004, mwaka uleule wa ripoti ya Manchester, sehemu yake kubwa sana ni methani. Methani ndiyo mama wa grafini ya elektroniki, na kama nitakavyoeleza, ndiyo mama wa almasi ya elektroniki pia. Biogesi ya kinyesi cha ng'ombe nayo ina methani. Hata hivyo sijamsikia mtu akisema kwamba bomba la Songo Songo limetupa umiliki wa chipu za kesho, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba gesi ni gesi. Kwa kinywe na almasi tumeacha kuelewa hivyo, nadhani kwa sababu tunaviona vinameremeta.

Kwenye almasi upotofu ni mkubwa zaidi, kwa sababu Mwadui ina historia nzito. Mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliigundua mwaka 1940, na mwaka 1947 pakapatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Fahari ya mgodi ule inatokana na mawe ya namna hiyo, jiwe ambalo halina pacha. Mhandisi wa elektroniki anatafuta kinyume chake. Anataka bamba la leo lifanane na la jana na la mwakani, kwa umbo, kwa usafi, kwa kila kipimo.

Usafi ndio unaoikatalia almasi ya asili. Sehemu kubwa mno ya almasi za asili zina naitrojeni ndani yake, mara nyingi kwa mamia ya atomi katika kila atomi milioni. Zile zilizo karibu na kutokuwa nayo ni asilimia moja au mbili tu ya zote zinazochimbwa. Almasi inayoitwa ya daraja la elektroniki huwa na naitrojeni chini ya atomi 5 katika kila bilioni. Hakuna kuosha wala kusafisha kutakakolifikisha jiwe la mgodini hapo, kwa sababu naitrojeni imefungwa ndani ya fuwele tangu jiwe lilipozaliwa chini ya ardhi.

Kuna kisa kimoja cha wanafizikia ambacho wanaotetea mgodi wangeweza kukishika, kwa hiyo afadhali nikilete mwenyewe. Utafiti wa kasoro ndogo ndani ya almasi, pale ambapo atomi ya naitrojeni inakaa jirani na nafasi iliyo tupu, ulisaidiwa sana mwanzoni na kipande cha almasi ya asili kutoka Urusi kilichokuwa safi kuliko vingine. Watafiti walikigawana vipande vipande, wakikiita kwa utani almasi ya ajabu ya Kirusi. Tabu ikaja hapohapo: hakuna aliyeweza kupata cha pili kama kile. Sayansi haiwezi kusimama juu ya jiwe moja. Ikabidi waende kwa waoteshaji, hasa kampuni ya Element Six, wakaomba almasi zinazoweza kurudiwa. Mwaka 2015, huko Delft, Uholanzi, wanafizikia waliunganisha kwa ufungamano wa kwanta almasi mbili zilizokuwa umbali wa kilomita 1.3 kutoka moja hadi nyingine, na almasi zile zilioteshwa na kampuni hiyo. Element Six ni mali ya kundi la De Beers. Yaani kampuni iliyojenga jina lake kwa almasi za mgodini, ilipotakiwa kutoa almasi ya sayansi, haikuzifungua ghala zake. Iliotesha.

Namna ya kuotesha inastaajabisha. Ndani ya chumba cha chuma chenye ombwe huingizwa haidrojeni pamoja na methani ya asilimia chache. Mawimbi ya mikrowevu, mara nyingi ya masafa ya gigahezi 2.45, yaleyale ya oveni ya jikoni, huigeuza gesi kuwa plazma inayong'aa juu ya mbegu ndogo ya almasi yenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Kaboni inashuka juu ya mbegu katika maumbo yote mawili, mengine ya almasi na mengine ya kinywe. Hapo haidrojeni inafanya kazi ya palizi: inakila kinywe haraka kuliko inavyoila almasi, kwa hiyo kinachobaki na kunenepa ni almasi, mikromita chache kwa saa. Naomba msomaji alitazame hilo tena. Katika tanuri la almasi ya elektroniki, kinywe ni gugu.

Kwa nini watu wanahangaika hivyo? Kwa sababu almasi inapitisha joto mara tano hivi ya shaba, na pengo lake la nishati ni elektronivolti 5.5 dhidi ya 1.1 ya silikoni, kwa hiyo inaweza kuzuia volteji kubwa ambayo ingeiunguza silikoni. Lakini hata iliyo safi kabisa bado inawatesa wahandisi. Wakitia boroni, inakubali kupitisha umeme wa chaji chanya kwa kiasi. Wakitia fosforasi ili wapate chaji hasi, fosforasi inazishikilia elektroni zake kwa nguvu ya elektronivolti 0.57 hivi, na kwenye joto la kawaida ni chache tu zinazojinasua. Ndiyo maana transista za almasi bado ziko mezani kwa watafiti zaidi kuliko sokoni.

Nako kule kuangushwa kwa silikoni na grafini kuna tatizo lake, na halitatuliwi kwa fedha. Transista ya kompyuta kazi yake ni kuwasha na kuzima. Grafini haina pengo la nishati kabisa. Ni koki isiyofunga, maji yanapungua tu bila kukatika. Mwaka 2010 IBM walitangaza transista ya grafini iliyofika gigahezi 100, na magazeti yakaandika kwamba silikoni imekwisha. Transista ile ilifaa kwa mawimbi ya redio, ambako hakuna haja ya kuzima kabisa. Kwa kufanya hesabu haikufaa. Mwanzoni mwa 2024 kundi la de Heer, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tianjin nchini China, walionyesha tabaka la grafini juu ya kabidi ya silikoni lenye pengo la elektronivolti 0.6. Ni kazi nzuri na naifuatilia kwa hamu. Lakini angalieni imefanyika juu ya nini. Silikoni bado ipo palepale, na kwa muda mrefu ujao grafini itaishi ubavuni mwake.

Nitaambiwa: vipi kuhusu unga wa grafini unaotiwa kwenye rangi, matairi na zege? Huo kweli hutokana na kinywe cha mgodini, na kuna soko lake. Sina ugomvi nalo, ila si soko la elektroniki, na lina udanganyifu mwingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha matokeo ya kupima bidhaa za kampuni 60 duniani zilizodai kuuza grafini. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Hakuna hata moja iliyofika asilimia 50. Kilichobaki kilikuwa unga mwembamba wa kinywe, umeuzwa kwa jina la grafini. Nchi inayoingia kwenye biashara hii kwa kuamini jina tu itauza kitu ambacho mnunuzi atakipima na kukirudisha.

Soko la haki la kinywe chetu ni betri. Kila gari la umeme linabeba makumi ya kilo za kinywe ndani ya betri yake, na kinywe hicho lazima kisafishwe hadi asilimia 99.95 ya kaboni na kuviringishwa kuwa punje za mviringo. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanyika China, ambayo tangu Desemba 2023 imeweka udhibiti wa vibali juu ya kuuza nje kinywe cha aina hiyo. Huko ndiko nguvu za majadiliano yetu zinapaswa kwenda: usafishaji huo ufanyike hapa, na maji machafu ya tindikali yanayotoka humo yashughulikiwe hapa kwa uangalifu. Anayekuja mezani na ahadi za grafini anatutoa kwenye mazungumzo hayo.

Nikifika kwenye vihisi vya kibayolojia, yaani vifaa vya kutambua ugonjwa au kemikali mwilini, nabadilika kidogo, kwa sababu huku naona nafasi yetu. Ila nayo haiko mahali inapotafutwa.

Chukua kile kijiti cha kupimia sukari ambacho mgonjwa wa kisukari anakitia tone la damu. Ndicho kihisi cha kibayolojia kilichofaulu kuliko vyote duniani, na wazo lake linatoka kwa Leland Clark, mwaka 1962. Ndani yake kuna elektrodi, na katika vijiti vingi ni wino wa kaboni uliochapwa juu ya plastiki. Kaboni hiyo ni ya bei rahisi kabisa. Kinachofanya kijiti kiwe kijiti ni kimeng'enya kinachoitambua glukosi peke yake katikati ya mamia ya vitu vilivyomo kwenye damu, na kazi ya kuhakikisha kwamba namba inayosomeka Mbeya katika baridi ni sawa na inayosomeka Lamu katika joto. Ukimpa mtengenezaji grafini safi kuliko zote duniani na kumnyima kimeng'enya, hatapima kitu.

Kwenye grafini yenyewe fundisho ni hilohilo. Mwaka 2007 kundi la Manchester lilionyesha kwamba grafini inaweza kuhisi molekuli moja ya gesi ikitua juu yake. Watu wakasema basi itahisi kirusi kimoja kwenye damu. Lakini damu ina chumvi. Ioni za chumvi huizunguka chaji yoyote na kuificha, kiasi kwamba kwa umbali wa nanomita moja tu chaji ile haionekani tena. Kingamwili kinachotumika kunasia virusi kina urefu wa nanomita 10 hivi. Maana yake kirusi kinanaswa mbali na grafini, na grafini haikioni. Watafiti wanatafuta njia za kulizunguka hilo: kuipunguza chumvi ya sampuli, kutumia minaso mifupi badala ya kingamwili, kupima kwa masafa ya juu ya umeme. Halafu protini za damu zinagandia kila mahali na kuuchafua uso. Zipo kazi zilizofika mbali. Mwaka 2019 Kiana Aran na wenzake huko California walionyesha chipu ya grafini inayotumia zana ya kijenetiki ya CRISPR kutambua jeni fulani ndani ya dakika 15 bila kuzidisha nakala zake kwanza. Kiini cha ushindi ule ni ile protini ya CRISPR iliyowekwa juu ya grafini, inayojua ni jeni gani inaitafuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu almasi. Sote tunakijua kipimo cha haraka cha malaria cha zahanati: tone la damu, matone ya dawa, kisha mstari mwekundu. Wekundu ule ni chembe za dhahabu, ndogo mno, zilizobeba kingamwili. Jicho linahitaji chembe nyingi zikusanyike ndipo lione mstari, kwa hiyo maambukizi machanga hupita bila kuonekana. Ukibadilisha dhahabu na chembe zinazotoa nuru, unakuta karatasi yenyewe nayo inatoa nuru, na huwezi kujua ipi ni ipi. Mwaka 2020 kundi la Rachel McKendry wa University College London (UCL) liliweka chembe za almasi zenye ile kasoro ya naitrojeni na nafasi tupu. Ukizimulika kwa mwanga wa kijani, zinatoa nuru nyekundu. Ukizipigia mawimbi ya mikrowevu ya masafa yanayozifaa, nuru yao inapungua. Sasa washa na zima mawimbi hayo kwa mpigo unaoujua: nuru ya almasi inapanda na kushuka kwa mpigo uleule, ya karatasi haibadiliki. Kompyuta inachuja inayocheza na kuiacha isiyocheza. Kwa njia hiyo walipata uwezo wa kugundua ulio mara 100,000 ya ule wa chembe za dhahabu, na kwa RNA ya VVU, baada ya kuizidisha kwa dakika 10 tu, waliweza kutambua nakala moja.

Hapo naitrojeni ambayo mhandisi wa umeme anaikimbia ndiyo inayotafutwa, na almasi inayosagwa kwa kazi hiyo hutengenezwa kiwandani ili kiasi cha naitrojeni kijulikane na chembe zote zifanane. Kinachobaki ni kifaa cha kusomea, chenye mwanga, kamera na mikrowevu, kiwe cha bei ambayo zahanati inaiweza. Na hapa wenzetu wa ng'ambo wanatuhitaji sisi, kwa sababu kihisi kinapimwa kwa wagonjwa. Eritrea na Ethiopia kumeonekana vimelea vya malaria vilivyopoteza jeni ya protini ileile ambayo vipimo vingi vya haraka huitafuta. Weka almasi, weka grafini, weka chochote. Kama unachokitafuta hakipo, jibu litakuwa hana malaria, na mgonjwa atarudi nyumbani na vimelea vyake. Elimu ya aina hiyo, ya kujua kimelea gani kimebadilika wapi, iko kwa watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wa KEMRI nchini Kenya na kwa watu wa hospitali za wilaya, na haipatikani kwa kuchimba.

Kuna mlango mwingine ulio wazi zaidi. Mwaka 2014 kundi la James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, lilichukua plastiki ya poliimidi, ile ya rangi ya kahawia inayostahimili joto, likaichoma kwa leza ya kaboni dioksidi. Pale leza ilipopita, plastiki iligeuka kuwa grafini yenye vinyweleo, inayopitisha umeme. Haina usafi wa kutengenezea transista, lakini kwa elektrodi ya kihisi inafaa sana. Leza ya aina hiyo ndiyo inayokatia akriliki na mbao kwa mafundi wa mabango wa Kariakoo na wa Nairobi. Mashine ya kupimia mkondo mdogo wa elektrodi, ambayo zamani ilikuwa ya maabara tajiri tu, tangu 2011 ipo kwa michoro ya wazi iitwayo CheapStat, ambayo watunzi wake waliijenga kwa chini ya dola 80. Mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuchora elektrodi asubuhi, kuipaka kimeng'enya mchana na kuipima jioni. Sumukuvu ya mahindi, floridi katika maji ya visima vya Arusha, viuatilifu kwenye mboga: hayo ni maswali yetu, na aliye karibu na swali ana nafasi nzuri zaidi ya kulijibu.

Wapo watakaosema ninawakatisha watu tamaa. Ninachokataa ni kusubiri. Anayeamini kwamba grafini iko Mahenge atasubiri mgodi ufunguliwe, na mgodi ukifunguliwa atasubiri kiwanda kije, na wakati huo wote benchi la kemia litabaki bila vitendanishi.

Kwa hiyo nawaomba wanaokaa kwenye meza za mikataba: mwekezaji akitamka grafini, mwombeni matokeo ya kipimo cha Raman, kile kinachoitambua grafini kwa mwanga wa leza, yaliyotolewa na maabara isiyo yake, aseme tabaka ngapi, asilimia ngapi, na nani ameshanunua. Akishindwa, rudini kwenye bei ya kinywe cha betri na mahali kitakaposafishiwa. Na wizara zinazopanga bajeti za utafiti zitenge sehemu ya mrabaha wa kinywe, kila mwaka na kwa maandishi, kwa ajili ya vimeng'enya, kingamwili, matengenezo ya mashine na mishahara ya mafundi wa maabara za vihisi katika vyuo vyetu. Fedha hiyo itoke kwenye tani za kwanza zitakazopakiwa, kabla mahitaji mengine hayajaifikia.